Ugonjwa wa Kushtuka Kupita Kiasi: Historia ya Jina Lake na ya Tiba Yake kwa Watoto

Kushtuka ni jambo la kila mtu. Mlango ubamizwapo kwa kishindo, macho hufumba, shingo huingia mabegani, mikono hukunjika, na yote hayo hutimia kabla mtu hajapata kufikiri ni kitu gani kilicholia. Mtoto mchanga naye hushtuka kwa namna yake: huitandaza mikono kama anayetaka kukumbatia, kisha huirudisha kifuani. Daktari Ernst Moro wa Heidelberg aliieleza hali hiyo katika mwaka wa 1918, na hata leo wakunga na madaktari huitazama ili kujua kama mtoto amezaliwa mzima.

Kiswahili kina maneno kadha ya jambo hili, wala hayalingani yote. Kushtuka, au kustuka kama wasemavyo wengine, ni neno la jumla. Kugutuka ni kushtuka kwa ghafula, hasa kwa mtu aliyesinzia au aliyezama katika mawazo. Kukurupuka ni kushtuka na kuondoka mbio, kama mnyama aliyetolewa kichakani. Vitenzi hivi vyote vyaishia kwa -ka, na kila kimoja kina mwenzi wake aishiaye kwa -sha: kushtusha, kugutusha, kukurupusha. Yaani lugha yenyewe humweka mwenye kushtuka upande wa mwenye kupatwa na jambo, na kishindo huwekwa upande wa mtenda. Kuogopa si hivyo. Mwenye kuogopa huogopa kitu, naye hukijua. Tofauti hii ndogo ya sarufi yafaa kushikwa, kwa maana historia ya ugonjwa unaoelezwa hapa ni historia ya watu walioshtuka wakadhaniwa kuwa ni waoga, au wenye kujifanya, au wenye kifafa.

Mtoto mwenye ugonjwa huu huzaliwa akiwa amekakamaa. Mikono na miguu hukunjika na kuwa migumu, ngumi hazifunguki, na kumvisha nguo ni kazi. Alalapo usingizi, ukakamavu hupungua au hutoweka kabisa, na amkapo hurudi. Sauti ndogo, mguso, hata maji ya kuogea, humshtua kwa nguvu. Na ikiwa kishindo kitafuata kishindo, mwili mzima huganda, misuli ya kifua nayo ikishikwa, mtoto akakosa pumzi akageuka rangi. Wengine hupata ngiri ya kitovu au ya kinena kwa sababu ya misuli ya tumbo kukaza daima. Dalili iliyo rahisi kuliko zote ni ya pua: mtoto akipigwa kidole taratibu juu ya ncha ya pua, kichwa hurudi nyuma kwa ghafula, na akipigwa mara ya pili na ya tatu na ya kumi hufanya vile vile. Mtoto mzima hushtuka kidogo mara ya kwanza, kisha huzoea. Huyu hazoei kamwe.

Ukakamavu huo hupungua kadiri mtoto akuavyo, na kwa wengi huisha katika miaka ya kwanza ya maisha. Kushtuka hubaki. Mtu mzima mwenye ugonjwa huu, akishtuliwa njiani, huganda na kuanguka kama gogo, mikono ikiwa imebana ubavuni, asiweze kuinyosha ili kujikinga. Huvunja pua, meno na paji la uso. Na katika kuanguka kote huko akili zake hubaki timamu. Husikia na kuona kila kitu. Hapa ndipo panapotengana ugonjwa huu na aina nyingi za kifafa, ingawa watu wengi walioupata walipewa dawa za kifafa kwa miaka mingi.

Waandishi wengi waelezao chanzo cha elimu hii huanza na George Miller Beard, daktari wa mishipa ya fahamu wa New York. Alipata habari za wakata magogo wa kaskazini ya jimbo la Maine, watu wa asili ya Wafaransa wa Kanada, walioitwa Warukaji. Katika mwaka wa 1880 alikwenda mwenyewe mpaka Ziwa la Moosehead kuwatazama. Aliyoyaona aliyaandika mwaka huo huo. Mtu aliambiwa ghafula na kwa sauti kali, "Piga!", naye akampiga aliyekuwa karibu, aliambiwa "Tupa!", akakitupa alichokuwa nacho mkononi, na huku akilirudia neno lile aliloamriwa. Beard akamsomea mmoja wao maneno ya Kilatini ya mwanzo wa utenzi wa Virgil, na mengine ya Kiyunani ya Homer, na mtu yule, asiyejua hata lugha moja ya hizo, akaitoa sauti ile ile upesi huku akiruka. Kwa msomaji wa lugha habari hii ina mvuto wake: mrukaji alirudia sauti tupu, isiyo na maana yoyote kwake.

Beard alihesabu warukaji 14 katika jamaa 4, akaona kwamba jambo hili hurithiwa. Na papo hapo akafikiri kwamba lilizaliwa na mchezo wa kutekenyana wa wakata magogo kambini. Maneno haya mawili hayapatani vizuri, naye hakuyapatanisha. Kuhusu tiba hakuwa na tumaini: mrukaji, kwa maoni yake, hubaki mrukaji maisha yake yote. Wenzake kambini waliwachezea watu hawa kwa kuwashtua makusudi, tena karibu na mashoka na mioto.

Habari za Beard zilitafsiriwa kwa Kifaransa katika mwaka wa 1881 na kijana mmoja mwanafunzi wa Charcot mjini Paris, jina lake Georges Gilles de la Tourette. Katika mwaka wa 1884 aliwaweka pamoja Warukaji wa Maine, watu wa Siberia waliokuwa na hali iliyoitwa miryachit, na wanawake wa Malaya na Java wenye hali iitwayo latah, ambayo H. A. O'Brien alikuwa ameiandikia mwaka wa 1883. Tourette alidhani yote ni ugonjwa mmoja, na mwaka wa 1885 akaongeza wagonjwa wake mwenyewe 9 wa Ufaransa, wale ambao ugonjwa wao huitwa kwa jina lake hadi leo. Baadaye ikadhihirika kwamba aliyaunganisha mambo yaliyo mbali mbali. Lakini kosa lake lilikuwa na matokeo marefu. Kwa muda wa miaka karibu themanini, daktari aliyekutana na mtu mwenye kushtuka kupita kiasi alikuwa na rafu moja tu ya kumweka: latah, miryachit, imu ya Waainu wa Japani, urukaji; yaani mila za watu wa mbali, za kuandikwa katika vitabu vya safari. Frank Swettenham aliiandikia latah sura nzima katika kitabu chake cha mwaka wa 1895. Sura hiyo yapendeza kusoma, wala haimfai chochote mama mwenye mtoto aliyekakamaa.

Kwa hakika mtoto ndiye aliyekosekana katika maandiko hayo yote. Beard alitazama wanaume wa kambini. Wasafiri wa Malaya walitazama wanawake wa makamo. Hakuna aliyeuliza jinsi watu hao walivyokuwa siku ya kuzaliwa.

Swali hilo lilikuja kuulizwa Ulaya ya kaskazini. Katika mwaka wa 1958 Kirstein na Silfverskiöld wa Sweden waliandika habari za jamaa moja ambayo watu wake walianguka chini kila waliposhtuliwa; nao bado waliona kuwa ni aina ya kifafa. Mwaka wa 1962 madaktari wawili wa Uholanzi, Kok na Bruyn, walitangaza katika gazeti la Lancet jamaa nyingine ya vizazi vingi, na hawa ndio waliosema wazi kwamba watoto wa jamaa hiyo huzaliwa wamekakamaa, na kwamba ukakamavu huondoka katika usingizi. Kichwa cha makala yao kilisema tu kwamba ni ugonjwa wa kurithi usiotambulikana. Ni kichwa cha unyofu. Jina halikuwako, nao hawakulibuni.

Jina lilibuniwa mwaka wa 1966 na Suhren, Bruyn na Tuynman, walioeleza jamaa kubwa ya Uholanzi. Walichukua neno la Kiyunani lenye maana ya kupigwa na bumbuazi, wakaliongezea kiambishi cha kupita kiasi, wakaandika hypérexplexia. Mwaka uliofuata Gastaut na Villeneuve waliandika hyperekplexia, kwa k. Wenye kuujua Uyunani wataona upesi kwamba tahajia ya pili ndiyo iliyo sawa: katika lugha hiyo kiambishi ek huwa ex mbele ya irabu tu, na hapa hufuatwa na p. Tahajia zote mbili ziliendelea kutumiwa, hata mtafutaji wa habari hizi katika orodha za maktaba hana budi kutafuta mara mbili. Kwa Kiswahili yaweza kuandikwa hiperekpleksia, bila shaka, lakini hilo ni jina la kuandikwa kwenye cheti, si la kumwambia mzazi.

Suhren na wenzake waligawa ugonjwa katika namna mbili, kubwa na ndogo. Wenye namna kubwa walikakamaa utotoni na kuanguka ukubwani. Wenye namna ndogo walishtuka sana tu, bila kukakamaa. Mgawanyo huu ulikubaliwa kwa miaka thelathini, na utarudi kutajwa.

Kabla ya kueleza tiba ni lazima kwanza kueleza sumu, maana njia ya kuufahamu ugonjwa huu ilipita huko. Katika mwaka wa 1818 Pelletier na Caventou wa Paris walitoa strikinini katika mbegu za mti wa jamii ya Strychnos. Miti ya jamii hiyo iko Afrika ya Mashariki pia; mtonga ni mmoja wao, ambao tunda lake likiiva huliwa na watoto wa vijijini. Aliyekula strikinini hukakamaa mwili mzima, na kila sauti au mguso humtia katika mkazo mpya, hali akili zake zikiwa timamu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Charles Sherrington wa Uingereza alionyesha kwamba strikinini na sumu ya pepopunda hufanya jambo moja la ajabu katika uti wa mgongo: amri ya kuzuia misuli huwa amri ya kuikaza. Katika mwili mzima, msuli mmoja unapokunja kiungo, ule unaokinyosha huzuiwa. Pasipo zuio hilo yote miwili huvutana.

Basi kizuizi chenyewe ni nini? Katika mwaka wa 1965 Aprison na Werman walionyesha kwamba katika uti wa mgongo wa paka glisini imejaa mahali pale pale panapotazamiwa kuwa na dutu ya kuzuia. Nayo ni dutu ndogo sahili, iliyomo katika chakula cha kila siku. Ikajulikana kwamba strikinini huziba vipokezi vya glisini, na kwamba sumu ya pepopunda huzuia glisini isitolewe. Mwaka wa 1982 Pfeiffer, Graham na Betz walikitenga kipokezi chenyewe katika uti wa mgongo wa panya, wakitumia dutu ya ukoo wa strikinini kama chambo cha kukivulia. Sumu ikawa chombo cha elimu.

Hapa jamii ya Waswahili inahusika moja kwa moja. Pepopunda ya watoto wachanga, iliyoingia kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, ilikuwa maarufu sana pwani na bara kabla chanjo ya akina mama wajawazito haijaenea. Jina lenyewe lina pepo ndani yake, na punda. Mtoto wa pepopunda huzaliwa mzima, hunyonya siku za mwanzo, kisha hushindwa kunyonya na kukakamaa, na kila kishindo humkaza. Mtoto wa hiperekpleksia hukakamaa tangu kuzaliwa. Kwa mtu aliyesimama mlangoni wawili hawa hufanana mno, na si ajabu, kwa kuwa katika wote wawili ni kizuizi kile kile cha glisini kilichoharibika: mmoja kwa sumu, mwingine kwa urithi. Lakini matumaini yao hayafanani hata kidogo. Pepopunda ya mtoto mchanga isipotibiwa ni kifo karibu kila mara. Mwenye hiperekpleksia akitambuliwa mapema ana maisha mbele yake. Kuyatenganisha majina hayo mawili, kwa hiyo, si upambanuzi wa wanakamusi peke yao.

Tiba ya mwanzo ilikuwa kubahatisha. Zilijaribiwa dawa za kutuliza na za kifafa, phenobarbital na nyinginezo, na faida yake ilibadilika kutoka mgonjwa hata mgonjwa. Katika mwaka wa 1980 Andermann na wenzake wa Montreal waliandika katika gazeti la Brain kwamba dawa iitwayo klonazepamu iliwafaa wagonjwa wao sana. Tangu hapo hiyo ndiyo imekuwa dawa ya kwanza, kwa wakubwa na kwa watoto. Huleta usingizi na ulegevu, na kipimo chake hupandishwa polepole. Lakini mtoto aliyekuwa hashikiki hushikika, na mtu mzima aliyeogopa kuvuka njia huvuka.

Lililo la ajabu ni kwamba dawa hii haigusi glisini. Huongeza nguvu za kizuizi kingine, kiitwacho GABA, na kwa njia hiyo pengo la mmoja huzibwa na mwingine. Mtu angeweza kufikiri kwamba dawa yoyote ya kuongeza GABA ingefaa vivyo hivyo. Marina Tijssen na wenzake wa Uholanzi walilijaribu jambo hilo na kulitangaza mwaka wa 1997: klonazepamu ilipunguza kushtuka, vigabatrini, ambayo nayo huongeza GABA, haikupunguza. Fikira nzuri yaweza kukataliwa na mwili.

Hata hivyo dawa huchukua muda, na mtoto aliyekosa pumzi hana muda. Federico Vigevano wa Rome, pamoja na Di Capua na Dalla Bernardina, waliandika katika Lancet mwaka wa 1989 kwamba ugonjwa huu ni sababu ya vifo vya ghafula vya watoto wachanga ambayo yaweza kuepukwa. Njia waliyoionyesha haina chombo wala sindano. Mtoto akiganda, mikono ya mtu mzima hukikunja kichwa chake na miguu yake kwa nguvu kuelekea kiwiliwilini, mpaka awe kama alivyokuwa tumboni mwa mamaye. Mgando huachia na pumzi hurudi. Katika historia yote hii hakuna ugunduzi ulio rahisi kuliko huo, na yaelekea hakuna uliookoa watoto wengi kwa gharama ndogo kama hiyo. Mama hufundishwa kwa dakika chache. Anachohitaji ni kwamba mtu awe amelitambua jambo lenyewe, akampiga mtoto kidole puani.

Mengine yalifuata upesi. Mwaka wa 1992 ilionekana kwamba urithi wa ugonjwa huu umo katika kromosomu ya tano. Mwaka wa 1993 Rita Shiang na wenzake walipata kosa lenyewe: katika kipokezi cha glisini, mahali pa 271, ajinini imebadilishwa na kuwekwa dutu nyingine. Kosa la herufi moja katika maandishi ya urithi, na mtu huanguka kama gogo maisha yake yote. Jeni nyingine ya kipokezi hicho ilitambuliwa mwaka wa 2002, na mwaka wa 2006 ikatambuliwa ile ya protini inayorudisha glisini ndani ya seli za neva. Ikajulikana pia kwamba si lazima ugonjwa urithiwe kwa mzazi mgonjwa. Wazazi wawili wazima wanaochukua kosa moja moja waweza kumzaa mtoto mwenye ugonjwa, jambo linaloweza kutokea zaidi pale ndugu waoanapo.

Ndipo jamaa ya Suhren ilipochunguzwa upya. Katika mwaka wa 1995 Tijssen na wenzake walitangaza kwamba wale wenye namna kubwa walikuwa na kosa la jeni, na wale wenye namna ndogo hawakuwa nalo. Waliishi nyumba moja na wagonjwa na kushtuka nao, pasipo ugonjwa wenyewe. Mgawanyo wa mwaka wa 1966 ukaanguka, ingawa vitabu vingine bado vinaurudia.

Na Warukaji? Saint-Hilaire na wenzake walikwenda Beauce, katika Quebec, wakawakuta warukaji 8 na kutangaza habari zao mwaka wa 1986. Waliona kwamba urukaji ulianza katika makambi ya magogo, kwa vijana walioshtuliwa na wenzao tena na tena mpaka ikawa tabia; makambi yalipokwisha, urukaji ukafifia. Beard, basi, alikuwa karibu na ukweli aliposema kutekenyana, akakosea aliposema urithi. Miaka mia moja na zaidi ilihitajika kuwatenga waliofanywa washtuke na waliozaliwa wakishtuka.

Kwa Kiswahili kazi hiyo ya kutenga haijaanza. Mzazi wa pwani ambaye mtoto wake hukakamaa na kurukaruka ana neno moja tayari, degedege, ambalo wengi hulihusisha na dege, ndege mkubwa apitaye juu ya mtoto usiku. Na hospitalini neno hilo huandikwa kuwa ni homa kali au malaria ya kichwa. Mshtuko nalo limekwisha kuchukuliwa na moyo, kwani mshtuko wa moyo ni maradhi mengine kabisa. Kushtukashtuka husemwa juu ya kila mtoto mchanga. Labda lifaalo ni kusema kwa urefu: ugonjwa wa kushtuka usiozoeleka, kwa sababu kutozoea ndiyo alama ambayo mkunga aweza kuipima kwa ncha ya kidole.